UNAFANYA AU UNAFANYAKA? JUU YA MANENO «DO» NA «MAKE»



Leo sitaandika juu ya mpira, hata kama wengi wananingoja kwa jambo hilo. Naandika juu ya maneno mawili ya Kiingereza, madogo sana, lakini yametuangusha wengi: «do» na «make». Mtu asikunje karatasi na kusema «Hii ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza.» Asome kwanza habari ya yaya yangu, halafu akitaka kukunja, akunje.

Yaya yangu ni fundi wa mbao. Atelie yake iko kando ya barabara ya zamani ya Buta, chini ya mabati manne. Anatengeneza viti, vitanda, milango, na wakati wa shida hata masanduku ya maiti. Alimaliza masomo, alipata diploma yake, na katika kalasi hakuwa mtu wa nyuma. Siku moja akasikia kwamba mjini wanatafuta mtu anayejua mambo ya mbao na anayeweza kusema Kiingereza kidogo na wageni. Mshahara kwa dola. Yaya akaazima shati jeupe, akapanda toleka mpaka mjini, akafika mbele ya saa. Wakamketisha kwenye benchi, katika koridoo. Akangoja.

Akatoka mgeni mmoja, mtu wa uso mzuri, akamuuliza kwa Kiingereza: «What do you do?»

Yaya akajibu kwa adabu: «I wait for you, sir.»

Yule mgeni akacheka kidogo, si kwa ubaya, akarudia polepole: «No, no. What do you do?»

Yaya akatazama mikono yake. Haikuwa na kitu. Akasema: «I do nothing, sir.»

Mgeni akaandika neno kwenye karatasi. Hapo yaya akaona kwamba mambo yanaharibika, akasema mbio: «I do chairs! I do doors!» Lakini wakati ulikuwa umepita. Wakamshukuru, wakaita mtu mwingine.

Alirudi nyumbani jioni, akarudisha shati kwa mwenyewe, akaniuliza mimi ambaye bado niko ku masomo: «Kosa langu ni gani? Aliniuliza nafanya nini, na miye nilikuwa namngojea. Ni uongo?» Haikuwa uongo. Ndiyo maana habari hii imenikaa moyoni mpaka leo.

Tuone vizuri. Katika dakika moja yaya alikosa mara mbili. Kosa la kwanza: alifikiri wanamuuliza kitu anachofanya saa ile, kumbe waliuliza kazi yake ya siku zote. Kosa la pili: mtu anayetoa kiti kutoka katika ubao hasemi «I do chairs», anasema «I make chairs.» Makosa yote mawili yana mzizi mmoja, na mzizi huo sisi wote tunao katika daftari zetu. Fungueni tu. Mtaona kwamba tuliandika: do, faire. Na mstari wa chini: make, faire. Halafu orodha ndefu ya kushika kwa kichwa, na siku ya interogasyo orodha imekimbia.

Maoni yangu ni haya: njia hiyo ya kupitia Kifaransa peke yake ndiyo inatupoteza. Sisi watoto wa hapa Masako na wa Kisangani nzima tunavuka madaraja mawili kwa kufika kwenye Kiingereza. Tunatoka katika Kiswahili au Lingala ya nyumbani, tunafika kwenye Kifaransa, na toka kule tunakwenda Kiingereza. Sasa katika daraja la katikati maneno mawili yamekuwa moja. Kifaransa kina «faire» tu. Kihispania hivyo hivyo, kina «hacer», na Kireno «fazer». Si kosa lao, ndivyo lugha zao zilivyo. Mtu asifikiri tena kwamba ni jambo la Wazungu wote kwa sisi wote: Wabelgiji wanaosema Kiflamand wanayo «doen» na «maken», ndugu kabisa za «do» na «make», na Wajerumani wanayo «tun» na «machen». Kumbe kati ya wale waliotawala nchi hii walikuwamo watu wenye maneno yale mawili nyumbani kwao, lakini sisi tulirithi lugha yenye moja.

Mtaniambia: «Hata Kiswahili ni kile kile, kufanya ni kufanya.» Na Lingala «kosala» ni kufanya, na ni kutumika pia. Ni kweli kwa neno. Lakini lugha si maneno tu, lugha ni mikia pia. Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Ukimkuta mtu ameinama nyuma ya nyumba na hujui anashughulika na nini, unamuuliza: «Unafanya nini?» Lakini ukikutana na mtu mgeni ndani ya mashua, na unataka kujua anaishi kwa kazi gani, hapa kwetu utamuuliza namna gani? Utamwambia: «Weye unafanyaka nini?» Hakuna mtoto wa Kisangani anayechanganya mambo haya mawili. «Baba analima» ni kusema jembe liko mkononi sasa hivi. «Baba analimaka» ni kusema ni mkulima, hata kama saa hii amelala. Lingala nayo ni hivyo: «Ozali kosala nini?» ni sasa, «Osalaka nini?» ni desturi. Pengine ule mkia wa -aka ulitoka katika Lingala na lugha nyingine za msitu huu, ukaingia katika Kiswahili chetu. Mimi sioni haya juu yake. Vitabu vya Kiswahili vya Tanzania vinasema «hufanya» kwa jambo lile lile, na ni vizuri, lakini nani kati yetu anasema «hufanya» ku soko?

Sasa angalieni Kiingereza. «What are you doing?» ni «Unafanya nini?» Na «What do you do?» ni «Unafanyaka nini?» Inaingia kama ufunguo katika kufuli. Kifaransa hapa hakisaidii, maana «Qu'est-ce que vous faites?» unaweza kumuuliza mtu aliyeinama na pia mtu wa mashua. Yaya alisikia Kiingereza, akapitisha katika Kifaransa, akapoteza njia. Kama angepitisha katika Kiswahili kile anachosema kila siku na wateja wake, kile ambacho ku masomo wanatuambia si safi, tukiandika -aka wanakata kwa biki nyekundu, angejibu: «I make chairs, sir, and doors.» Basi hatujui, pengine kazi angepata.

(Na «How do you do?» isiwadanganye. Hiyo ni salamu tu. Usianze kuhadithia malaria yako, rudisha salamu.)

Tuje sasa kwa kazi ya «do» katika sentensi, maana neno hili lina maisha mawili. Maisha ya kwanza ni ya kitendo, kufanya: «do the work», «do the homework». Maisha ya pili ni ya mtumishi. Katika «Do you know?» lile «do» halina maana hata kidogo. Halifanyi kitu. Limesimama mlangoni kutangaza kwamba swali linakuja. Kiswahili hakina mtumishi huyu, sisi tunapandisha sauti tu: «Unajua?» Na kwa kukana tunageuza kichwa cha neno: «najua» inakuwa «sijui». Mwingereza hawezi, lazima amwite mtumishi: «I don't know.» Hapa nakubali kwamba Kifaransa kinasaidia kidogo, kwa sababu «est-ce que» nayo ni kitu kitupu kinachotangulia swali. Mimi sipigani na Kifaransa.

Lakini «est-ce que» haibebi mzigo, na «do» inabeba. Mmeona watu wawili wanaotoka huku msituni na gunia moja la makala? Mmoja akibeba, mwingine anatembea mikono mitupu. Hawabebi wote wawili gunia lile lile kichwani. Wakati uliopita ni gunia. «You went» : hapa «went» amebeba. Ukiuliza, mtumishi anakuja kuchukua gunia: «Did you go?» na «go» anabaki mikono mitupu. Ndiyo maana «Did you went?» ni kosa, na «Does he knows?» ni kosa. Katika kalasi yetu nimehesabu katika daftari ya wenzangu watatu walioniruhusu, na kosa hili lilishinda makosa mengine yote. Langu lilikuwamo pia, sitaficha.

Zamani Waingereza wenyewe hawakumlazimisha mtumishi huyu. Katika siku za Shakespeare, aliyekufa mwaka 1616, mtu aliweza kuuliza «Know you this man?» kama sisi, au «Do you know this man?», njia zote mbili zilikuwa wazi. Baadaye ile ya «do» ikashinda. Kwa hiyo mwanafunzi wa Masako akisema «Know you?» si mjinga, amechelewa miaka mia nne tu.

Sasa rudini kwenye swali la yule mgeni: «What do you do?» Mnaona «do» mbili. Ya kwanza ni mtumishi, ya pili ndiyo kazi yenyewe. Na «make» haiwezi kabisa kuingia pahali pa ile ya kwanza. Hakuna Mwingereza aliyesema «Make you know?» tangu dunia kuumbwa. «Make» haina maisha ya utumishi wa namna hiyo. Lakini msifikiri haina kazi nyingine, inayo, na ni kazi kubwa.

Maana yake ya kwanza tunaijua: kutoa kitu ambacho hakikuwako. Asubuhi kuna mbao, jioni kuna kiti: «make a chair». Kulikuwa na maji na majani, sasa kuna chai: «make tea». Sisi tunasema kutengeneza, lakini muwe macho, kwetu kutengeneza ni kuponya kitu pia. Kutengeneza velo iliyovunjika si «make a bicycle». Ukisema hivyo watafikiri una kiwanda. Na tena «make a bed»: kwa yaya ni kupigilia misumari, na kwa mama asubuhi ni kutandika shuka. Sentensi moja, kazi mbili, na hakuna anayecheka isipokuwa sisi.

Kazi yake ya pili ndiyo inanipendeza zaidi, maana ndani yake Kiswahili chetu ni mwalimu mkubwa. Chukueni neno kucheka. Weka mkia: kuchekesha. Kulia, kuliza. Kulima, kulimisha. Kukimbia, kukimbiza. Huo mkia unasema kwamba mwingine ndiye ameleta jambo. Lingala nayo: koseka, kosekisa. Kiingereza hakina mkia huo, basi kinamwita «make»: «He makes us laugh», anatuchekesha. «The smoke makes me cry», moshi unaniliza. Ukisikia -isha au -esha au -za mwisho wa neno lako, fikiri kwanza «make». Si kila mara, kwa sababu maneno mengine yana jina lao tayari: kusomesha ni «teach», kulisha ni «feed». Lakini mara nyingi utapata.

Na baada ya «make» kitendo kinakuja uchi, bila «to». «The teacher made us work», si «made us to work». Lakini geuza sentensi, wanaofanyishwa watangulie, na ile «to» inarudi: «We were made to work.» Kwa nini? Hata mwalimu tuliyemuuliza alicheka akasema ndivyo ilivyo. Shikeni hivyo, Exetat inapenda mambo kama haya: siku ya lugha, sentensi moja yenye nafasi tupu, na majibu matano chini yake yanayofanana kama mapacha watano.

Tena kuna hili, na hapa ndipo nilishangaa kweli. «This news makes me sad.» Mtu anayepitia Kifaransa anakwama, kwa sababu Kifaransa kizuri hakisemi «faire» hapa, kinasema «rendre»: «cette nouvelle me rend triste». Basi yeye anatafuta «rendre» katika kamusi na anaandika «this news renders me sad», na mwalimu anaweka alama ya kuuliza pembeni. Mtoto wa Kiswahili hana taabu: habari hii inanihuzunisha. Mkia uko pale pale. Kufurahisha, «make happy». Kutajirisha, «make rich». Kuchosha, «make tired». Daraja la Kifaransa hapa limevunjika, na mtumbwi wetu unapita chini yake bila shida.

Lakini nisiwadanganye kwamba mtumbwi haujai maji. «Mwalimu alituimbisha.» Je, tulikataa akatulazimisha, au tulitaka sana na yeye akatupa nafasi? Mkia wa -isha hausemi. Kiingereza kinataka ujue: kama alilazimisha, «he made us sing», kama aliruhusu, «he let us sing». Na Kifaransa pia kinatenganisha, «faire» na «laisser». Rafiki yangu mmoja aliandika barua kwa mtu wa nje akitaka kumsifu mkubwa mmoja kwa wema wake, akaandika «he makes us go home early». Aliyesoma akafikiri wanafukuzwa. Hapo Kifaransa kingemwokoa. Kwa hiyo sisemi tutupe lugha moja. Nasema tusifunge jicho moja.

Inabaki shida ya mwisho, ile ya orodha. Tunaambiwa: «make» ni kwa kitu kinachobaki, «do» ni kwa kazi inayopita. Nzuri. Lakini mbona «do homework», na daftari inabaki? Mbona «do damage», na uharibifu unabaki kabisa? Mbona «make a noise», na kelele zinapita kama upepo? Unaweza kutafuta sababu, kwamba kelele zinabaki katika sikio na «mistake» inabaki katika daftari kwa rangi nyekundu, lakini hiyo ni kujifariji. Sheria inafika pahali inakufa. Baada ya pale ni urafiki tu: neno fulani limeoa «make», neno fulani limeoa «do», na harusi zilifungwa zamani bila sisi kualikwa. «Make a promise», «make a decision», «make an effort», «make a mistake». «Do your best», «do business», «do a favour», «do the washing».

Msilie kwamba Waingereza ni wabaya. Sisi tunafanya vibaya zaidi. Tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga kelele, tunapiga magoti, tunapiga pasi. Mgeni anayejifunza Kiswahili atauliza: simu ilikosa nini hata mnaipiga? Na pasi? Na magoti yenyewe? Hakuna aliyetufundisha sheria ya «piga». Tuliyapokea maneno yakiwa pamoja na wenzake, mdomoni mwa mama. Hakuna mtoto aliyejifunza «piga» peke yake katika orodha.

Na wazee wa mto wetu walijua jambo hili kuliko vitabu. Walokele, chini ya Kisangani, walikuwa wanatumiana habari kwa ngoma ya mti, ile lokole. Ngoma ile ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Sasa maneno mengi yana sauti zile zile, yakipigwa hayawezi kutengana. Mwezi kwao ni «songe», kuku ni «koko», na juu ya ngoma ni kitu kimoja. Walifanya nini? Hawakupiga neno peke yake. Mwezi walimpa maneno ya kumfuata, kwamba anaangalia chini kwenye dunia, na kuku naye maneno yake, kwamba ni yule mdogo anayelia kiokio. Hapo msikilizaji wa ng'ambo hawezi kukosa. John Carrington, Mwingereza wa misioni ya Yakusu, aliyefika Kongo mwaka 1938, alijifunza mambo haya na akatoa kitabu juu yake mwaka 1949. Yeye mwenyewe alisema kwa ngoma.

Basi «do» na «make» katika sikio letu ni songe na koko. Sauti moja: kufanya. Ukilipiga neno peke yake utapotea. Lipige na mkia wake: si «make», ila «make a mistake», si «do», ila «do the homework». Katika daftari yangu mpya nimekataa kuandika neno moja kwa mstari. Naandika sentensi nzima, na pembeni Kiswahili chetu, na -aka yake kama iko. Toka nilipoanza hivyo sijashika orodha tena, na katika interogasyo mbili za mwisho sikuanguka.

Rafiki yangu tunayeketi benchi moja alisoma karatasi hii kabla ya kwenda kwenye stensili. Akasema: «Wewe, ukipitisha Kiingereza katika Kiswahili cha soko, utasema Kiingereza cha soko.» Nilifikiri sana juu ya neno lake, kwa sababu ni mtu mwenye akili. Lakini nauliza: tukipitisha katika Kifaransa chetu, kwani hicho ni Kifaransa cha Paris? Nacho tulikiokota katika kalasi, nusu nusu. Kiswahili na Lingala ndizo tunazojua mpaka chini. Mtu anapima kitu kipya kwa kipimo anachokijua, si kwa kipimo alichoazima kama shati la yaya. Tena Katiba ya mwaka 2006, ikisema Kifaransa ni lugha ya Serikali, inataja papo hapo lugha nne za taifa, na Kiswahili na Lingala zimo. Hatuvunji sheria tukizitaja mbele ya ubao.

Ombi langu kwa walimu, na ninaliandika kwa heshima: siku ya somo la «do» na «make», gawanyeni ubao katika sehemu tatu badala ya mbili. Kiingereza, Kifaransa, na pale pa mwisho Kiswahili chetu kama kinavyosemwa, pamoja na -aka na -isha, bila biki nyekundu kwa saa moja ile tu. Katika kuandika insha ya Kiswahili mtaendelea kuikata -aka, hatutanung'unika. Na sisi wa sehemu ya pedagojia tukumbuke kwamba miaka si mingi tutasimama sisi wenyewe na chaki mkononi.

Yaya nilimfundisha haya yote katika atelie, mimi nimeketi juu ya kitanda kisichomalizika, yeye anapiga msasa. Alirudia vizuri: «What do you do? I make chairs. What are you doing? I am making a bed.» Halafu akauliza: «Na hayo maneno mawili yanaweza kwenda pamoja?» Nikamwambia ndiyo, wanasema «to make do», na maana yake ni kujikaza na kile kilichoko, huna misumari unatumia kamba, huna ubao mpya unatumia wa sanduku la zamani.

Akacheka mpaka akaweka msasa chini. «Kumbe ni Artiki 15!» akasema. «Ile usinifundishe. Ile ndiyo nafanyaka.»

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa humanite, sehemu ya pedagojia